Shajara ya mradi: Rawalpindi hadi Khunjerab kwa mfuko mdogo

Februari. Kuchora njia

Mradi ni huu: watu wanne, usiku 20 ndani ya Pakistan, kutoka Rawalpindi kupanda Gilgit, Hunza na Gojal hadi mpaka wa China kwenye pito la Khunjerab, kisha kuteremka na kukata kwenda Skardu, halafu kurudi. Matumizi ya nchi kavu, yaani bila ndege, viza na bima, yasizidi dola 560 kwa kichwa. Mwezi wa safari ni Septemba.

Jambo moja linatawala maamuzi yote yanayofuata, kwa hiyo linawekwa mwanzo. Huko kaskazini kitanda si ghali, chakula si ghali, na nauli ya gari la abiria ndiyo nafuu kuliko vyote. Kinachomaliza pesa ni gari la kukodi, na kinachomaliza siku ni barabara. Anayepanga kwa kuanza na bei za hoteli anahangaika na kitu kidogo huku kikubwa kinapita nyuma yake.

Safari yote imeegemea Karakoram Highway, barabara inayoanzia Hasan Abdal, karibu na Islamabad, hadi Khunjerab kwenye mita 4,693. Ilijengwa na Pakistan pamoja na China, na wageni waliruhusiwa kuipita kuvuka mpaka mwaka 1986. Karibu kila mahali tunapokwenda pako kandokando yake au kwenye bonde linalochepuka kutoka kwake. Hiyo ni bahati kwa mwenye mfuko mdogo, maana barabara kuu ndiko Haisi na Kosta zinakopita kutwa. Ukitoka kwenye lami tu, unaingia kwenye bei za jeep.

Septemba imechaguliwa kwa kuziondoa tarehe nyingine. Mwisho wa Machi na Aprili maua ya miaprikoti ya Hunza ni mazuri ajabu, lakini Babusar, pito la njiani kwenda Gilgit, bado ina theluji. Juni hadi Agosti Wapakistani wenyewe wanakimbia joto la tambarare, vyumba vinapanda bei, na wiki ya Idi usijaribu kabisa. Julai na Agosti kuna mvua za monsuni zinazoporomosha milima ya Kohistan na Kaghan, njiani kwenda Gilgit. Oktoba ya mwisho rangi za majani ni za kupendeza, ila Babusar inaweza kufungwa na theluji wakati wowote. Septemba mvua zimepungua, mapito yako wazi, zabibu na tufaha ziko mtini, na usiku baridi bado inavumilika. Muharram nayo iangaliwe kwa mwaka husika: Gilgit na Skardu zina Mashia wengi, na siku ya Ashura maduka hufungwa, barabara hufungwa, na mara nyingi mtandao wa simu huzimwa.

Hali: njia imekubaliwa. Chitral na Shandur zimetolewa. Ni safari nyingine.

Machi. Babusar au Besham

Kutoka Rawalpindi kwenda Gilgit kuna njia mbili, na uamuzi huu unastahili muda kuliko wa hoteli zote kwa pamoja.

Ya kwanza inafuata Karakoram Highway yenyewe kupitia Besham, Dasu na Chilas, ubavuni mwa mto Indus. Iko wazi mwaka mzima, lakini inachosha. Kati ya Dasu na Chilas yanajengwa mabwawa mawili makubwa, Dasu na Diamer-Bhasha, kwa hiyo magari husimamishwa miamba inapolipuliwa, na vumbi ni la kutosha kila mtu. Basi hukadiriwa saa 18, na likifika baada ya saa 22 hakuna anayeshangaa.

Ya pili inapanda kupitia Mansehra, Balakot na Naran hadi pito la Babusar, mita 4,173, kisha inashuka Chilas. Ni fupi kwa saa kadhaa na haipiti Kohistan, yaani eneo la Dasu. Kasoro zake: inafunguka kuanzia Juni hivi hadi theluji ya Oktoba au Novemba, magari huzuiwa kupita pale juu usiku, na mvua kubwa ikipiga inaweza kukatika kabisa. Julai 2025 mafuriko ya ghafla yaliifagia barabara upande wa Diamer na watalii wakapoteza maisha.

Kuna suala la usalama pia. Desemba 2023 basi la abiria lilishambuliwa karibu na Chilas. Tangu zamani polisi wamekuwa wakiwaandikisha wageni kwenye vizuizi vya eneo hilo, na wakati mwingine magari hupangwa kwa msafara. Kwa hiyo kanuni ya mradi ni kwamba kipande cha Diamer, yaani Chilas na kandokando yake, kinapitwa mchana tu.

Babusar inatusaidia kutimiza kanuni hiyo. Basi linaloondoka Rawalpindi jioni linamaliza barabara ya Hazara na Mansehra usiku, linafika kizuizi cha juu alfajiri, na linashuka Chilas asubuhi kweupe. Sisi tunashukia daraja la Raikot kabla ya adhuhuri, na saa hiyo ina maana kubwa, kama inavyoonekana chini kwenye kumbukumbu za Mei.

Mabasi ya NATCO, shirika la usafiri la serikali huko kaskazini, huondoka stendi ya Pir Wadhai, Rawalpindi. Stendi ni kubwa na ina wapiga debe wa kutosha. Nenda siku moja kabla, nunua tiketi dirishani, na uulize waziwazi basi linapita Babusar au Besham. Usichukue jibu la mpiga debe. Nauli ya kushuka Raikot mara nyingi ni ileile ya Gilgit, na kubishana hakusaidii. Pasipoti inatakiwa unapokata tiketi.

Viti: mwanamke asiye na ndugu wa kiume kando yake hawekwi karibu na mwanamume asiyemjua. Kondakta atawahamisha abiria mpaka mambo yakae sawa, na viti vya mbele mara nyingi huachiwa wanawake. Kundi lenye wanawake wawili na wanaume wawili halina shida. Wakiwa watatu kwa mmoja, nunua viti vilivyopakana.

Aprili. Viza, chanjo, ndege

Viza ya Pakistan huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa NADRA, mamlaka ya usajili ya Pakistan, na malipo, pale yanapotakiwa, hufanywa kwa kadi. Kinachotakiwa: picha ya pasipoti, ukurasa wa taarifa uliochanganuliwa, na ama barua ya mwaliko ama uthibitisho wa hoteli. Ada na masharti hutegemea uraia, kwa hiyo kila mmoja afungue akaunti yake na asome orodha ya nchi yake, hasa kama kundi lina pasipoti mchanganyiko, mmoja wa Tanzania, mmoja wa Kenya na mwingine wa Oman. Maombi hurudishwa kwa mambo madogo: picha yenye kivuli, ukurasa wa pasipoti uliokatwa pembe, jina lisilofanana herufi kwa herufi na la pasipoti. Changanua kwenye meza yenye mwanga, angalia mistari miwili ya chini ya ukurasa inasomeka yote, ndipo upakie. Balozi za Pakistan ziko Nairobi na Dar es Salaam kwa atakayekwama.

Kadi ya manjano isisahaulike. Pakistan huwataka wanaotoka nchi zenye homa ya manjano waonyeshe cheti, na msafiri wa Afrika Mashariki ndiye wa kwanza kuulizwa. Cheti cha polio kinawahusu wanaokaa zaidi ya wiki nne. Sisi tuko chini ya hapo.

Ndege nafuu kutoka Nairobi au Dar kwenda Islamabad hupitia Ghuba: Dubai, Sharjah, Doha au Muscat. Wenye ndugu Muscat wanaweza kugawa safari mara mbili na kupumzika njiani, mradi tiketi mbili tofauti zisiwekwe siku moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe.

Ndege ya ndani, Islamabad hadi Gilgit, haimo kwenye mpango. Ya Gilgit ni ndogo, inaruka bondeni kwa macho ya rubani, na wingu likikaa vibaya inafutwa. Ya Skardu ni kubwa na ina nafasi nzuri kidogo, lakini bei ya mgeni inameza bajeti ya wiki. Tumeiweka kama mlango wa dharura.

Mei. Raikot, na hesabu ya jeep

Fairy Meadows ni uwanda wa nyasi na misonobari kwenye mita kama 3,300, mbele ya uso wa kaskazini wa Nanga Parbat, mlima wa mita 8,126. Ndicho kipande ghali kuliko vyote kwa umbali, na ndicho watu wengi wanachokikosea hesabu.

Inavyokwenda: unashuka kwenye daraja la Raikot, kando ya Indus, ambako joto la mchana bado linachoma. Hapo unaandikishwa. Barabara ya kupanda kijiji cha Tato, kama kilomita 15, ni kijia cha mawe kilichochongwa ukutani mwa bonde, bila kingo, na ni jeep za wenyeji peke yake zinazoruhusiwa. Bei imepangwa na wenyeji kwa gari zima, kwenda na kurudi. Wawe abiria wawili au watano, ni ileile. Mwisho wa kijia mnatembea saa mbili hadi tatu, mteremko wa wastani kisha mkali. Kuna punda na wapagazi kwa asiyeweza kubeba.

Tumeweka rupia 20,000 kwa jeep. Watu wanne ni 5,000 kila mmoja. Mtu wa peke yake analipa 20,000 zote, na akiongeza gari la kukodi la Khunjerab, ambalo tumeliwekea 20,000 nyingine, amefika 40,000. Kwa tengo letu la kitanda, yaani kiasi tulichotenga kwa usiku mmoja, la 2,500, hizo ni pesa za usiku 16. Ndiyo maana kundi la mradi huu ni la wanne na si la wawili, na ndiyo maana msafiri wa peke yake anashauriwa afike darajani asubuhi, akae pale kwenye kibanda cha chai, asubiri wenzake wa kuchangia. Asubuhi wanapatikana. Saa kumi jioni hapatikani mtu, jeep hazipandi tena, na kinachobaki ni kulala pale darajani kwenye joto kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda.

Mambo ya kukubaliana na dereva kabla ya kupanda, mbele ya mwandikishaji: siku na saa ya kurudi, kwamba nauli ni ya kwenda na kurudi, na namba ya gari. Yuleyule ndiye anayekuja kuwachukua. Mkibadili siku bila kumwarifu, mtalipa mara ya pili, na ni haki yake. Ujumbe hupelekwa kupitia mwenye nyumba ya wageni kule juu.

Usiku mbili zinatosha. Siku ya katikati ni ya kutembea hadi Beyal na kuendelea mahali pa kutazamia barafuto (mto wa barafu) ya Raikot; mwenye mapafu mazuri anafika kambi ya chini ya mlima na kurudi siku hiyohiyo akianza saa kumi na mbili asubuhi. Askari anaweza kupewa kundi la wageni. Ni utaratibu uliokazwa baada ya wapandaji na mwenyeji wao, watu 11 kwa jumla, kuuawa Juni 2013 kwenye kambi ya upande mwingine wa mlima. Bakshishi kwake ni hiari, lakini chai na mlo ni adabu.

Chakula kule juu kinapandishwa kwa punda, kwa hiyo bei ni mara mbili ya Gilgit. Beba kutoka Rawalpindi njugu, tende, biskuti na majani ya chai. Usibebe mikebe, uzito wake unaulipia mgongoni.

Hali: kipande kimekubaliwa.

Juni. Bajeti kamili

Dola imekuwa ikibadilishwa kwa karibu rupia 280. Tunahesabu kwa 270, ili kubadilisha vibaya kusituangushe. Namba hizi ni tengo, si bei za dukani, na kila moja imeinuliwa kidogo makusudi. Kwa kichwa, kwa rupia:

Basi la Rawalpindi kwenda kaskazini na kurudi: 12,000.
Haisi na Kosta za katikati: 8,000.
Vitanda 18, nusu ya chumba cha wawili, 2,500 kila kimoja: 45,000.
Chakula siku 20, 1,800 kwa siku: 36,000.
Hifadhi, ngome na vibali vya mlangoni: 20,000.
Sehemu ya jeep ya Raikot na gari la Khunjerab: 10,000.
Akiba ya barabara: 20,000.

Jumla 151,000, yaani karibu dola 560. Usiku mbili zilizobaki ni za ndani ya basi.

Mistari miwili inahitaji maneno. Viingilio: mgeni hulipa mara nyingi zaidi ya mwenyeji kwenye hifadhi za taifa na ngome, na bei za wageni zimekuwa zikipanda, kwa hiyo usikadirie kwa picha za tiketi za miaka iliyopita. Akiba ya barabara: ni siku tatu za kitanda na chakula, 12,900, na 7,100 za kulipia gari jingine mkikwama. Hii haiguswi kwa mazulia wala kwa aprikoti kavu.

Chakula kinabaki ndani ya 1,800 kwa sharti moja. Asubuhi chapati ya mafuta na yai, mchana dengu na chapati, jioni mboga au nyama mkichangia. Karahi ya kuku au mbuzi huuzwa kwa kilo, na bei iliyoandikwa ukutani ni ya kilo. Watu wanne wakisema tu "tuletee karahi", inaletwa kilo nzima au zaidi, na hapo bajeti ya siku imekwisha mezani. Taja nusu kilo kabla mpishi hajawasha moto. Hunza kuna chapshuro, mkate wa duara uliojazwa nyama ya kusaga na vitunguu. Mmoja unashibisha watu wawili.

Fedha taslimu: noti mpya za dola, hasa za 100, bila mikunjo wala mihuri, zilizochakaa hukataliwa au hupunguzwa thamani. Badilisha Islamabad. ATM zipo Gilgit, Skardu na Aliabad ya Hunza, lakini kadi za nje hukubaliwa na mashine chache, kiwango cha kutoa ni kidogo kwa mara moja, na umeme ukikatika mashine inalala. Baada ya Aliabad panga kana kwamba hakuna benki. National Bank of Pakistan iliweka ATM juu kabisa pale Khunjerab mwaka 2016, na watu hupiga nayo picha. Itegemee kwa picha.

Julai. Hunza na Gojal

Hapa ndipo mfuko unapumua, kwa sababu mambo mazuri yako umbali wa miguu kutoka lami.

Gilgit hadi Aliabad ni kama kilomita 100, saa mbili na nusu kwa Haisi kutoka stendi ya Jutial. Gari huondoka likijaa. Dereva anayemwona mgeni na begi kubwa atadhani anataka gari zima, kwa hiyo muelewane kabla begi halijafungwa juu kwamba mnanunua viti.

Minapin inashukiwa njiani. Kutoka barabara kuu kijiji kiko kilomita chache ng'ambo ya mto, na kuanzia hapo njia ya kambi ya chini ya Rakaposhi, mita 7,788, inatembewa bila jeep hata moja: kwanza Hapakun, kisha Tagaphari kwenye mita kama 3,500, ambako unatokea ukingoni na barafuto yote ya Minapin imelala chini yako. Tumeiwekea usiku mbili. Kwa maoni ya mradi huu, kipande hiki kinashinda Fairy Meadows kwa kila rupia, na kama kundi lingelazimika kuacha kimoja, kingeachwa kile cha jeep.

Karimabad, mita kama 2,500, ndiyo kituo cha usiku tatu. Ngome ya Baltit ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1996. Wasomaji wa Dar, Nairobi na Kampala wanaolijua jina hilo kwa hospitali na shule watakuta kazi za mtandao uleule huku, maana Wahunza wengi ni Waismailia, wafuasi wa Aga Khan. Mavazi yamelegea kuliko Chilas, na wanawake wako madukani na kwenye nyumba za wageni. Vyumba vya bei yetu haviko kwenye mtaa wa maduka bali vichochoroni chini yake. Tazama viwili vitatu, bonyeza swichi, fungua bomba la maji ya moto, ndipo uongee bei.

Maji yanahitaji kifungu chake. Maji ya bomba ya Karimabad hutoka kwenye barafuto na yana rangi ya kijivu, yakitikiswa yanametameta. Ni unga wa mawe uliosagwa na barafu. Chujio la mkononi la nyuzi huziba kwa unga huo ndani ya siku chache, na mtu akikamua kwa nguvu mfuko unapasuka mshononi. Utaratibu: jaza chupa mbili za lita moja na nusu jioni, ziache zisimame usiku kucha bila kuguswa, asubuhi mimina polepole theluthi mbili za juu, na hizo ndizo unazochuja. Kila siku mbili sukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano linalokuja na chujio. Na chujio la nyuzi likishalowa lisigande: nyuzi hupasuka ndani bila kuonekana kwa nje, linaendelea kupitisha maji huku halizuii vijidudu. Penye baridi lilale ndani ya mfuko wa kulalia. Vidonge vya klorini viwe akiba.

Kutoka Karimabad kwenda Passu barabara inapita ziwa la Attabad. Januari 2010 mlima uliporomoka ukaziba mto Hunza, ukazamisha kilomita kadhaa za barabara, na kwa miaka mitano magari na watu walivushwa kwa mashua hadi mahandaki yalipofunguliwa 2015. Mei 2022 tena, daraja la Hassanabad lilibebwa na maji yaliyofumuka kutoka barafuto ya Shishper. Yanatajwa hapa kwa ajili ya mstari wa akiba pale juu: barabara hii hukatika, na ikikatika abiria hushuka, hutembea penye pengo, na kupanda gari la upande wa pili. Begi liwe la kubebeka.

Passu usiku tatu. Daraja la kamba la Hussaini, ziwa la Borith, ukingo wa barafuto ya Passu: vyote kwa miguu. Kuvuka barafuto kwenda Patundas ni jambo jingine. Nyufa zinahama kila msimu na mwongoza njia ni lazima.

Khunjerab ni safari ya siku moja. Gari likodiwe Passu au Sost, mji wa mwisho kabla ya mpaka, si Karimabad, kwani unapunguza kilomita ambazo Haisi ingezifanya kwa nauli ndogo. Hakuna gari la abiria la kukufikisha mpakani na kukurudisha. Pale juu ni karibu kimo cha kibanda cha Kibo, na tofauti ni kwamba Kilimanjaro unafika kwa siku kadhaa za miguu na huku unafika kwa saa tatu ukiwa umekaa. Kichwa kitauma. Kaeni nusu saa, msikimbie kwa ajili ya picha, mshuke. Mratibu wa mpango ameweka Khunjerab baada ya Fairy Meadows, Tagaphari na Karimabad kwa sababu hiyo: miili imeshalala juu ya mita 3,000 kabla. Anayeanza kutapika, kuyumba au kuchanganyikiwa anashushwa saa hiyohiyo.

Julai, mwisho. Skardu, na Deosai kuondolewa

Gilgit hadi Skardu, kufuata Indus, zamani ilikuwa siku nzima ya mateso. Baada ya barabara kutengenezwa upya ni saa nne hadi tano kwa Kosta. Mvua ikinyesha usifunge safari: kuta za bonde hilo ni kokoto zilizoshikana kwa vumbi, na mawe huanguka wakati wa mvua na hata saa chache baada yake. Usiku tatu Skardu zinatosha ngome ya Kharpocho, ziwa la Kachura ya juu, na siku moja ya Shigar au Khaplu kwa gari la abiria.

Deosai, uwanda wa zaidi ya mita 4,000 wenye dubu wa kahawia, umetolewa. Hakuna gari la abiria, na tengo la rupia 36,000 kwa gari zima lingekula 9,000 za kila mmoja kwa siku moja. Wakipatikana wenzetu wa kuchangia gari kwenye nyumba ya wageni Skardu, itarudishwa kwa pesa ya mfukoni, si ya akiba.

Kambi ya K2 haikufikiriwa: inataka kibali cha matembezi na kampuni yenye leseni, na gharama zake ni za mradi mwingine kabisa.

Agosti. Vifaa na karatasi

Nakala 20 za pasipoti na viza kwa kila mtu, kwenye karatasi moja upande mmoja. Kila kizuizi kinachukua moja, na mwenye nakala mkononi anapita huku basi linanguruma. Asiye nazo anaandikwa kwa mkono huku abiria 40 wanamtazama. Hoteli nyingi nafuu za Rawalpindi hazipokei wageni wa nje kwa sababu ya usumbufu wa kuwaandikisha polisi, kwa hiyo usiku wa kwanza umewekwa kwa kuuliza kwanza kama wanapokea.

Laini ya simu: miji ina mitandao ya kawaida ya Pakistan, lakini mabondeni anayeshika ni SCOM. Laini yake hununuliwa Gilgit kwa pasipoti. Ramani zote zipakuliwe kabla.

Umeme hukatika kila siku. Plagi za kwetu za pini tatu za bapa mara nyingi haziingii. Soketi nyingi za kule ni za pini za duara. Pawabanki moja ya 20,000 mAh kwa watu wawili, na ichajiwe kila umeme unaporudi, hata saa nane usiku.

Nguo: koti la manyoya au la kujazwa moja, la mvua moja, kofia ya sufu, glavu nyepesi, buti zilizokwisha kuvaliwa. Suti ya shalwar kameez inunuliwe Raja Bazaar, Rawalpindi; ni nafuu, inakauka upesi, na kwenye vizuizi inapunguza maswali. Acetazolamide, dawa ya ugonjwa wa kimo, ibebwe baada ya kuongea na daktari, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Bima isomwe ukurasa wa kimo: nyingi hukomea mita 3,000 au 4,000, na sisi tunafika 4,693.

Agosti, wiki ya mwisho. Masharti ya kuondoka

Yamebaki maamuzi matatu, na kila moja lina tarehe yake.

Siku tatu kabla ya basi: Babusar iko wazi? Ikiwa imefungwa, tunapita Besham kwa basi la alfajiri, tunalala Besham, tunapita Kohistan na Chilas siku ya pili mchana. Inakula siku moja ya akiba na kitanda kimoja.

Siku ya Passu: kama barabara imekatika kaskazini ya Sost, Khunjerab inafutwa bila kusubiri, na 5,000 za kila mmoja zinarudi kwenye akiba.

Siku ya pili Skardu: tiketi za basi la kurudi zinunuliwe hapo, si siku ya kuondoka, na usiku mbili za Rawalpindi kabla ya ndege zisiguswe. Basi la Skardu likichelewa saa 24, bado tunafika na usiku mmoja mkononi. Likichelewa zaidi ya hapo, ndege ya Skardu kwenda Islamabad inaulizwa, na inalipwa kwa 20,000 za akiba pamoja na kadi ya mwenye kadi.